Kuku wakifa ghafla, wahi sampuli kabla ya gulio

Wafugaji wenzangu wa Runazi na Ngara, kuku wakianza kudondoka bandani jibu la mtaani ni moja: "Kideri hicho." Mara nyingi ni kweli. Ila mafua makali ya ndege nayo huua ghafla vilevile, na kwa macho tu, hata mimi mwenye kazi yangu siwezi kukuapia ni kipi.

Januari 2017 Uganda walitangaza mafua ya ndege aina ya H5N8. Ndege pori walikufa Lutembe, karibu na Entebbe. Kuku na bata wakafa Masaka, ng'ambo tu ya Mutukula. Kenya na Rwanda zikazuia kuku wa Uganda. Hebu fikiria una broila 800 waliofika siku ya kuuza! Mwaka huohuo ugonjwa ukazuka Ituri, Kongo, na vinasaba vya kirusi viliposomwa vikaonekana ni ndugu wa karibu wa kile cha Uganda.

Faida iko hapo. Kipimo cha kawaida kinasema mafua yapo. Kusoma vinasaba kunasaidia kujua yametoka wapi, maana kirusi kikizaliana hubadilika kidogo kidogo na kuacha nyayo. Kama kimeletwa na ndege pori, tuwafungie bata wanaozurura majini. Kama kimepita kwenye matenga ya wachuuzi, gulio lifungwe. Bila kujua, tunafungiwa wote.

Wenye nguruwe, msikae pembeni. Nguruwe hushika mafua ya ndege na ya watu pia, na virusi vikikutana humo hubadilishana vipande. Mafua yaliyozunguka dunia 2009 yalitokana na mchanganyiko wa namna hiyo. Ukiwa na mafua, mwachie mwenzio zamu ya banda.

Wataalamu wa kusoma vinasaba tunao, SUA Morogoro wanafanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni sampuli. Mizoga inatupwa migombani, walio hai wanakimbizwa gulioni. Piga simu kwa afisa mifugo kabla hujauza hata mmoja, na usishike mzoga kwa mikono mitupu.

Na wakubwa nao wasikie. Kijana akitoa taarifa halafu anachopata ni karantini tu, majibu hayaoni, fidia ya kuku waliouawa hakuna, safari ijayo atauza usiku. Tena atawaambia na majirani wafanye hivyohivyo.