Hodi ya Karatasi

Desturi ya kwetu yajulikana. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi, akangoja; asipojibiwa hupiga ya pili na ya tatu, kisha hurudi alikotoka pasipo kinyongo, kwa kuwa nyumba ni ya mwenyewe. Viza nayo ni hodi, ila hupigwa kwa karatasi, tena hupigwa kabla mgeni hajaondoka kwake. Tumeona yatupasa kulisema jambo hili, kwani wanachama wetu wengi huitwa nchi za Ulaya kwa masomo mafupi, kwa mikutano, au kuwatazama jamaa zao, na safari za baadhi yao hufa kabla ya kuanza. Wakiulizwa sababu, huulaumu ubalozi. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Walakini tumelitazama jambo hili pande zote mbili, nasi twasema pasipo kuficha kwamba sehemu moja ya mlango ule imo ndani ya ofisi zetu wenyewe, na ufunguo wake tunao sisi.

Karatasi hizi si za tangu zamani. Kabla ya vita vya 1914 mtu aliweza kupita katika nchi nyingi za Ulaya asiulizwe pasi. Vita vilipokuja, kila Serikali ilianza kuchungua wapitao mipakani, na vilipokwisha uchunguzi haukwisha. Mwaka 1920 Shirika la Mataifa liliitisha mkutano mjini Paris, ukapendekeza namna moja ya kitabu cha pasi kwa mataifa yote. Na kitabu tunachokichukua leo ni mjukuu wa kile. Katika miaka ile ile ya 1920 wazee wetu wa Kenya walikuwa wakivaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha bati, hata kwenda kutafuta kazi katika nchi yao wenyewe. Basi watu wa Afrika Mashariki hawana haja ya kufundishwa uzito wa karatasi. Kilichobaki ni kujua masharti yake, na kuyatimiza kwa wakati.

Tutasema habari za viza moja tu, ile iitwayo ya Schengen, kwa kuwa ndiyo iombwayo na wengi wanaokwenda bara la Ulaya. Schengen ni kijiji cha Luxembourg, ambako tarehe 14 Juni 1985 mataifa matano yaliweka saini mapatano ya kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo kati yao. Tangu 1 Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipoingia kwa ukamilifu, nchi za mapatano hayo ni 29. Mwenye viza hiyo hupita katika zote kama apitaye vyumba vya nyumba moja. Uingereza haimo, wala Ayalandi haimo. Mwenye kwenda London hana budi kupiga hodi nyingine.

Masharti yenyewe yameandikwa wazi. Pasi iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu kwa uchache, na muda wake uzidi miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Iwepo bima ya safari isiyopungua Yuro 30,000, itakayolipia matibabu ya dharura, na kumrudisha mtu kwao akiugua au akifa. Iwepo barua ya mwaliko au hati nyingine ya kuonyesha sababu ya safari, mahali pa kulala, na fedha za matumizi. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, isipokuwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Zikiwa sawasawa, basi kwa ile atakayoingia kwanza. Ada yake ilikuwa Yuro 60 hata mwanzoni mwa mwaka 2020, ikawa 80, na tangu 11 Juni 2024 ni Yuro 90. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi. Wengi hawajui kwamba wanafunzi, na walimu wanaofuatana nao katika safari ya masomo, wamesamehewa ada hiyo.

Lipo sharti jingine, nalo ndilo lituhusulo sisi watumishi kuliko yote. Mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba atarudi kwao. Mwenye duka ataonyesha duka lake, na mwenye nyumba ataonyesha hati ya nyumba. Mtumishi wa Serikali ataonyesha nini? Ataonyesha barua ya mwajiri wake: kwamba yumo kazini, cheo chake ni hiki, amepewa ruhusa ya siku kadha, na siku fulani atatakiwa mezani pake. Barua hiyo ikikosekana, au ikiwa na tarehe zisizolingana na mwaliko, afisa wa ubalozi hana sababu ya kuamini maneno matupu ya mtu asiyemjua.

Sasa na tuhesabu siku. Sheria yasema ombi lisipelekwe mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala lisichelewe hata zikabaki siku chini ya 15. Kwa kawaida uamuzi hutoka katika siku 15, lakini ubalozi waweza kuzifikisha 45. Basi mtu ambaye masomo yake yaanza tarehe 1 Septemba hana budi ombi lake liwe limekwisha pokewa kabla ya tarehe 18 Julai, kama ataka kulala usingizi. Ongeza siku za kungojea miadi, na siku za kutafuta bima na taarifa ya benki. Mtu huyo alipasa kuiandikia idara yake katika mwezi wa Mei. Je, barua iliyoandikwa Mei hutoka lini katika masjala zetu?

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa upole, lakini kwa kweli. Barua ya ruhusa huingia masjala, ikafunguliwa faili, faili ikapanda kwa mkuu, ikashuka kwa sababu limekosekana jina la kituo, ikapanda tena, ikamkuta mkuu amesafiri. Kila mkono ulioigusa una udhuru wake, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Walakini wiki 6 zimepita, na mwenzetu aliyepata nafasi ya masomo kwa jasho lake ameipoteza. Nafasi ile haingojei. Hupewa mtu wa nchi nyingine ambaye makarani wa kwao walikuwa wepesi zaidi.

Wako watakaotujibu kwamba Serikali ina haki ya kuchungua safari za nje. Nasi twakubali. Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilizuia safari za nje za watumishi, isipokuwa zenye kibali cha Rais au cha Katibu Mkuu Kiongozi, ili fedha za watu wote zisiliwe na safari zisizo na faida. Hatuoni kosa katika kuuliza faida ya safari. Lakini kuuliza ni kazi ya siku moja, na jibu la "hapana" lililotolewa mapema ni hisani, maana mtu hubaki na ada yake na heshima yake. Linaloumiza ni faili lisilojibiwa ndiyo wala siyo.

Upande wa waombaji nao una makosa yake, wala hatutawafunika kwa kuwa ni wenzetu. Wako wanaokwenda kwa madalali wa viza, wakajaziwa fomu wasizozisoma, na kuwekewa saini chini ya mambo wasiyoyajua. Wako wanaokopa fedha za kujaza akaunti kwa wiki moja, wakidhani afisa hataona kwamba akaunti iliyokaa kavu miezi yote imefurika ghafula siku ya mwisho. Wako waliokubali kununua barua ya mwaliko. Njia ya mwongo ni fupi, na siku hizi imekuwa fupi zaidi. Kwani maombi yote huandikwa katika daftari moja la mitambo lisomwalo na nchi zote za Schengen, na habari za ombi huweza kukaa humo miaka 5. Aliyedanganya ubalozi mmoja amedanganya zote. Tena mtumishi wa Serikali aliyetoa hati ya uongo amejiweka katika hatari nyumbani vilevile, hata kabla ya kufika Ulaya. Na kampuni zinazopokea maombi kwa niaba ya balozi ni wapokezi tu. Hazina mamlaka ya kuamua, basi yeyote akuombaye fedha ili "akusaidie ndani" ni mwizi.

Aliyepata viza naye asifanye kiburi. Viza ni karibu ya barazani. Karibu ya ndani hutolewa na afisa wa mpakani, naye ana haki ya kuuliza sababu ya safari, fedha, na tikiti ya kurudi. Basi barua zote zichukuliwe mkononi, zisifungiwe katika sanduku lililopakiwa chini ya ndege. Na siku zihesabiwe vema. Viza ya kukaa kwa muda mfupi haimruhusu mtu kuzidi siku 90 katika kila siku 180, nazo siku ya kuingia na siku ya kutoka huhesabiwa zote mbili. Aliyeingia tarehe 1 Machi akatoka tarehe 29 Mei amezimaliza siku zake zote 90, wala hawezi kurudi kabla ya tarehe 28 Agosti. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuandika kuingia na kutoka kwa mitambo, kwa picha na alama za vidole, mahali pa muhuri wa wino. Muhuri uliweza kufifia, mtambo hausahau.

Kwa mabalozi tuna neno moja la heshima. Sheria yao wenyewe yaamuru kwamba anayekataliwa aandikiwe sababu, na aelezwe njia ya kukata rufani. Twaomba sababu hizo ziandikwe kwa namna ambayo mtu aweza kuzielewa na kujirekebisha. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa mgeni, lakini hata kukataa kuna adabu zake.

Kwa kumaliza, twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama atakaye kusafiri aandike mapema, jina na tarehe za mwaliko na za barua ya ruhusa zikiwa sawasawa, na nakala ya kila hati abaki nayo. Pili, wakuu wa idara waweke siku maalumu ya kujibu maombi ya ruhusa, nasi twaona siku 10 zatosha. Tatu, na hili twawaambia makarani wenzetu wa masjala: faili la safari lisilale mezani. Sisi ambao tunajua uchungu wa kusimama mbele ya dirisha la mgeni tukingojea, ndio tupasao kujua zaidi hali ya yule asimamaye mbele ya dirisha letu.