Geti la zizi likiachwa wazi, mwenye ng'ombe awajibike



Natoa dukuduku la sisi tunaoishi kandokando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, upande huu wa Gairo. Ng'ombe wanatoka zizini usiku, wanaingia barabarani, watu wanaumia, na hapatikani mtu wa kubeba lawama.

Masika yaliyopita mpwa wangu, dereva wa bodaboda, aligonga fahali aliyesimama katikati ya lami gizani. Alivunjika mguu juu ya goti na mpaka leo anatembelea magongo. Asubuhi yake nilikwenda kuliangalia zizi alikotoka yule fahali. Geti lake ni miti minne inayopitishwa kwenye matundu ya nguzo mbili. Mti wa chini tu ndio uliokuwa mahali pake. Mitatu ililala kwenye matope, na miwili kati yake imeoza ncha, ukiirudisha kwenye tundu inachomoka yenyewe. Mtu hahitaji kuwa fundi kujua kwamba lile geti halikuharibika usiku mmoja.

Mwenye mifugo anaishi mjini. Alipopigiwa simu alisema aulizwe mchungaji. Mchungaji, kijana mdogo kabisa, akasema alifunga kama kawaida, labda mpita njia amefungua. Hazikupita siku nyingi akafukuzwa kazi, na shahidi wetu akapotea naye. Kijijini tukaambiwa tukae tuyamalize. Tulipokaa, mjumbe wa mwenye ng'ombe akatuletea bei ya fahali ili tulipe sisi, kwa kuwa aliyegonga ni wetu. Niliumia sana siku ile, na bado naumia.

Tangu hapo nimewasumbua wanaojua sheria. Wamenieleza kwamba nchi yetu ilipokea sheria za Uingereza zinazoitwa common law kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema vingine. Na katika sheria hizo za kale mlikuwa na mambo mawili yasiyolingana hata kidogo. Mifugo ikiingia shambani kwa jirani na kula mazao, mwenyewe alilipa, hata kama hakufanya uzembe wowote. Lakini ikitoka na kuingia barabarani, mwenye ardhi hakuwa na wajibu kwa wapita njia wa kutunza ua au geti lake. Yaani mhindi ulilindwa kuliko mtu. Mwaka 1947 mahakama ya juu kabisa ya huko iliithibitisha kanuni hiyo katika kesi ya mwendesha baiskeli aliyegongana usiku na farasi aliyetoroka malishoni. Waingereza wenyewe waliitupa mwaka 1971 kwa sheria yao ya wanyama, na leo mfugaji wa huko anapimwa kwa uzembe wake kama mtu mwingine yeyote.

Sisemi mahakama zetu zimefungwa na hukumu ile ya 1947. Ninachosema ni kwamba kijijini hakuna kiongozi aliyeweza kutuonyesha kifungu kinachomtaja wa kuwajibika, na palipo na ukimya mwenye nguvu ndiye anayetafsiri.

Najua wapo watakaosema nawaonea wafugaji. Mimi pia nafuga. Tena najua nyanda zetu nyingi hazina ua, na siombi kila mfugaji azungushe waya eneo lote la malisho. Hata ile sheria ya Uingereza ya 1971 haimhesabii mtu uzembe kwa sababu tu ya kuweka mifugo kwenye eneo ambalo kwa desturi halizungushiwi ua. Nazungumzia zizi la usiku, lenye geti, hatua chache kutoka barabara ya mabasi na malori. Geti hilo ni la mwenye ng'ombe. Faida ya maziwa na nyama inakwenda kwake, basi asimtupie mzigo kijana anayemlipa kidogo na kumfukuza anapotaka. Ng'ombe wakikutwa barabarani usiku bila mtu, mwenyewe ndiye aeleze walitokaje, si aliyevunjika mguu ahangaike kuthibitisha nani aliacha mti chini. Kama kweli mpita njia alifungua, mwenye zizi amtafute na amdai. Na apitaye kwenye geti la watu alirudishe alivyolikuta. Hilo nalo liandikwe.

Tusidharau jambo hili. Desemba 2000, hapo jirani zetu Kilosa, watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Watu wakikosa pa kupeleka kilio chao wanachukua mapanga.

Halmashauri inao uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na kijiji pia kinaweza kutunga zake zikaidhinishwa na wilaya. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu 2010, kwa hiyo mwenye fahali hawezi kujificha ikitekelezwa ipasavyo. Nawaomba madiwani wetu waliingize suala hili kwenye kikao chao kijacho, kabla ya masika mengine, na watuambie hadharani wameamua nini.

Mkulima na mfugaji,
Gairo, Morogoro