Mapenzi na Fadhila

Hekaya za Wayunani wa kale zinaandikwa upya, na swali kubwa ni hili: nani aliyemdhulumu mwenziwe? Medea alimsaidia Jason kuipata ngozi ya dhahabu, akaihama nchi ya baba yake kwa ajili yake. Walipofika Korintho, Jason alimwacha akamwoa binti wa mfalme. Euripides, mwaka 431 kabla ya Kristo, alimwonyesha Medea akiwaua wanawe kwa kisasi. Mwandishi wa Kijerumani, Christa Wolf, katika riwaya yake ya mwaka 1996, anakana: watoto waliuawa na watu wa mji, mama akasingiziwa.

Nasi Unguja tunayo hekaya ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya hapa. Paa alimtoa maskini jaani, akamwozesha binti wa sultani, akamwua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Paa alipougua, bwana aliamuru apikiwe uji wa felefele, mtama mbovu. Mkewe alimsihi, hakusikia. Paa akafa, mke akarejea kwao, na bwana akaamka yuko jaani.

Mji Mkongwe na Ng'ambo wapo wake waliokaanga vitumbua alfajiri ili waume wao wasome. Mume anayepata cheo akamsahau mke huyo asingoje kisasi chake, jaa linamngoja. Fadhila za punda ni mateke. Zetu sisi zisiwe hizo.