Tumbo la Mtoto Mchanga

Mtoto aliyezaliwa leo hupata choo cha kwanza, kile cheusi, kwa kawaida kabla ya siku kupita. Ikipita bila choo, mpeleke akaangaliwe.

Choo husukumwa na misuli ya utumbo: mahali pamoja hukaza, na mbele yake hulegea ili kipite. Msuli hukaza madini ya kalsiamu yazidipo ndani ya seli zake, yakipungua, hulegea. Amri ya kulegea hutoka kwa seli za fahamu, nazo hutumia vitu kama peptidi iitwayo VIP, ambayo Said na Mutt waliipata katika utumbo wa nguruwe, huko Sweden, mwaka 1970.

Basi, wako watoto wanaozaliwa bila seli hizo mwishoni mwa utumbo mpana. Amri haifiki. Utumbo hubaki umekaza kama mdomo wa gunia lililofungwa, tumbo likavimba. Daktari Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886.

Watu husema jirani kamfunga mtoto. Jirani hana kosa! Wala usimnyweshe mizizi ya kuharisha, utamwumiza. Akitapika majani-majani, kimbilia hospitali saa ile ile. Mpasuaji hukitoa kipande kile kibovu, akaunga kilicho kizima.