Wanamwambia mama achemshe maji, kumbe waliochemsha ni wao!

KIJANA wa kijiweni, wewe unayesukuma mkokoteni Kariakoo, unayepiga debe Mbagala, unayekaanga chipsi Manzese, leo tuache kidogo ubishi wa Simba na Yanga. Tuzungumze habari za bimkubwa wako uliyemwacha kijijini. Unajua anakunywa maji gani?

Kila kipindupindu kinapobisha hodi, wakubwa hushuka na gari la matangazo na ngonjera ile ile: "Wananchi, chemsheni maji ya kunywa!" Wakishamaliza wanapanda mashangingi yao, vioo juu, chupa ya maji ya dukani mkononi, huyoo mjini. Kazi imekwisha. Mtoto akifa, kosa la nani? La mama, hakuchemsha!

Sisi tunasema hivi: kuchemsha maji ni jambo jema, na mwenye uwezo achemshe leo hii. Lakini kazi ya kusafisha maji ya kijiji ni ya Serikali. Serikali imeikimbia kazi hiyo na kumtwisha mama, tena juu ya ndoo aliyokwisha kujitwika.

AHADI INAYOSINYAA

Mwaka 1971, enzi za TANU, nchi iliahidiwa kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka 20 ikaisha mwaka 1991. Maji wapi? Wakaja na Sera ya Maji ya 1991, ahadi ikasogezwa hadi 2002. Mwaka 2002 ukafika, ikatoka sera nyingine. Mwaka 2020 ilani ya chama tawala ikaja na lengo la asilimia 85 vijijini ifikapo 2025.

Piga hesabu mwenyewe, huhitaji digrii. Mwaka 1971 waliahidi wote. Miaka 49 baadaye wakaahidi 85 katika kila 100! Huyu ni refa ambaye kila timu yake ikizidiwa anaupima uwanja upya. Na hata wakijipigia makofi kwamba asilimia imetimia, asilimia haikwambii kama maji ya bomba lile yamepimwa.

Na bomba lenyewe je? Serikali ilipochora ramani ya vituo vya maji vijijini, matokeo yakatangazwa mwaka 2013: karibu vituo 4 katika kila 10 havikuwa vinafanya kazi. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, pampu ikafa, mama akarudi kwenye dimbwi na ng'ombe.

KUNI ZA NANI?

Haya, tuseme mama ametii. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kuchemsha lita 1 ya maji kunahitaji takriban kilo 1 ya kuni. Kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inataka mzigo wa kilo 20! Atembee kutafuta maji, kisha atembee tena kutafuta kuni za kuyachemshia. Ndoo moja, safari mbili.

Kichekesho ni kwamba Mei 2024 Serikali hiyo hiyo ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikitaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Huku mama anaambiwa achemshe, huku anaambiwa aache kuni. Achemshe kwa pumzi?

Na akishayachemsha, bado. Maji ya kuchemsha hayana ulinzi. Yakiwekwa kwenye ndoo ya wazi na kila mtoto akachota kwa kikombe chenye vidole, vijidudu vimerudi ndani. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye koki. Ndiyo maana wanasisitiza klorini pia: ukiitia kwa kipimo na kusubiri nusu saa, inaua vijidudu na kubaki ndani ya maji ikilinda. Maji yakiwa na tope yaachwe kwanza yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo klorini itiwe. Maneno haya huyasikii kwenye gari la matangazo, kwa sababu klorini na ndoo ya koki vinataka fedha, na "chemsheni" haimgharimu mkubwa hata senti.

WALIPOSHINDWA WAKABADILI KIPIMO

Sasa panda nasi Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Huko maji yana madini ya floridi, yanayotiwa na miamba ya volkano. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia na mifupa hupinda. Huko ukichemsha maji hujatibu kitu: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani, kali zaidi!

Shirika la Afya Duniani linasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Serikali yetu mwaka 1974 iliweka kiwango "cha muda" kwa vijijini: miligramu 8! Zaidi ya mara tano. Muda wenyewe ukawa wa miaka mingi, kikashushwa hadi 4, na hatimaye karatasi zikafika 1.5. Waliposhindwa kusafisha maji, wakayasafisha kwenye makaratasi.

Wasiseme hakuna dawa. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floridi, na kituo cha utafiti cha Serikali kipo pale pale Ngurdoto, Arumeru. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni wa kuufikisha jikoni.

HAYAKUISHIA KIJIJINI

Kijana, usidhani uko salama mjini. Agosti 2015, mwaka wa uchaguzi, kipindupindu kilizuka Dar es Salaam. Kikasambaa mikoani, na kufikia mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa zaidi ya 33,000 na waliokufa zaidi ya 500. Mia tano! Nani aliwajibika? Nani alijiuzulu?

TUNADAI

Hatuombi mbingu. Kwanza, klorini bure kwenye kila chanzo cha maji cha kijiji. Kenya, Uganda na Malawi wameweka vifaa kando ya visima: mama anafungua koki, dozi ya dumu moja inaingia, anaondoka. Utafiti wa mwaka 2022 ulioongozwa na Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2019, ulikadiria kwamba kutibu maji kunapunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo.

Pili, matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, pamoja na mapato na matumizi ya mradi. Tatu, chujio za floridi zifike kila kaya inayozihitaji.

Nawe usikae kutusubiri sisi wanasiasa. Fedha unayomtumia mama mwezi huu, iwemo ya ndoo yenye koki na chupa ya klorini. Sikukuu ukienda kijijini, ingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nyoosha mkono, uliza: maji haya yalipimwa lini, na nani, yakakutwa na nini? Mkubwa akianza ngonjera ya "chemsheni", mjibu mbele ya watu: Mheshimiwa, mmechemsha ninyi!