Mcheza Kwao Katunzwa Ugenini

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa heshima zote, hapo naomba kupishana nao. Hukwe Zawose alicheza kwao, akatunzwa Uingereza.

Tusikimbilie kulia. Kulia na kulaumu wazungu tumeshakuzoea mno, tena hakuna gharama. Hoja yangu ni fupi na naielekeza kwetu sisi, vijana tunaojiita waandishi, wa Dodoma na uwanda wote huu wa kati, kuanzia Mpwapwa mpaka Manyoni. Mwanamuziki mkubwa aliyetoka kwenye vumbi hili anajulikana duniani zaidi kupitia maandishi ya Kiingereza kwenye majalada ya santuri. Wenye santuri wao walifanya kazi yao. Sisi wenye kalamu je?

Nianze na Mrusi, halafu nitarudi nyumbani.

Mwaka 1962 kijana mmoja aitwaye Vladimir Ashkenazy alikwenda kwenye mashindano ya Tchaikovsky mjini Moscow, akagawana ushindi wa kwanza wa piano na Mwingereza John Ogdon. Dunia ikamjua kwa vidole vyake. Lakini jamaa hakutosheka kukaa peke yake mbele ya kinanda. Aliinuka, akashika kijiti, akaanza kuongoza okestra nzima. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1994 ndiye aliyekuwa kiongozi wa muziki wa Royal Philharmonic ya London, na aliendelea na kazi hiyo mahali pengine hadi alipostaafu mwaka 2020. Sasa sikilizeni hili: kitabu juu ya maisha yake kilitoka mwaka 1984, hajatimiza hata miaka 50! Kwao hawasubiri mtu afe.

Safari ya namna hiyo, ya mtu kuanza na vidole vyake mwenyewe na kuishia kuongoza kundi zima, ni tamu kusimulia. Najua vijana wenzangu wanaipenda, maana miswada yao inapita mikononi mwangu na piano haikosi humo. Kijana wa hadithi anakaa Area C, hana kodi ya chumba, amekula mlo mmoja tangu juzi, lakini sebuleni ana piano! Anampiga Beethoven huku mvua ikinyesha dirishani siku tatu mfululizo. Mvua ya siku tatu, Dodoma hii? Jamani!

Sisemi piano ni haramu. Wala simchukii Beethoven, marehemu hajanikosea kitu. Nauliza tu: ukitaka kuandika juu ya mpiga vyuma aliyegeuka kiongozi wa wapigaji, kwa nini unapanda ndege wakati mtu mwenyewe ni jirani yako?

Mwaka huohuo wa 1962 swali linalofanana na hili liliulizwa na mkubwa kuliko mimi. Tarehe 10 Desemba, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitoa hotuba iliyotangaza wizara mpya ya utamaduni. Alisema wengi wetu tunajua kupiga gitaa na piano, halafu akauliza ni Waafrika wangapi wa Tanganyika, hasa waliosoma, wanaojua kupiga ngoma zetu, zeze au marimba. Swali lile halijazeeka hata kidogo.

Jibu mojawapo lilikuwa kijijini Doduma, humuhumu mkoani kwetu. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa huko karibu na mwaka 1940, yaani ni rika moja na yule Mrusi. Mmoja alikuwa na piano, mwingine alikuwa na ilimba.

Na hapa pana jambo la kugombana. Wageni huiita ilimba "piano ya kidole gumba", na wasomi wetu wakalidaka jina hilo bila kulitafuna. Kwa nini ilimba iitwe piano ndogo? Kwa nini piano isiitwe ilimba kubwa isiyobebeka? Ilimba ni kasha la mbao lenye vyuma vilivyopangwa juu yake, na vidole gumba vinavibonyeza na kuviachia. Kwenye ilimba kubwa, baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vipo kwa ajili ya kuitikia tu: wenzao wakilia, navyo vinatetemeka. Kwenye tundu la kasha hubandikwa utando mwembamba wa buibui, ule wanaofungia mayai yao, ili sauti itoke na mvumo. Fundi aliyefikiria kumwajiri buibui katika muziki, ndugu yangu, si mtu wa kuitwa mwigaji wa piano.

Tena kuna suala la sauti zenyewe. Kinanda cha kizungu kimekatwa hatua 12 zinazolingana kama matofali. Muziki wa Wagogo unafuata ngazi ya sauti za asili, zile ambazo uzi mmoja uliokazwa unazitoa wenyewe. Moja ya sauti hizo, ile ya saba, ukiitafuta kwenye kinanda huipati. Imeangukia katikati ya vibonyezo viwili. Kwa hiyo ukichukua wimbo wa Kigogo ukaulazimisha kwenye kinanda cha umeme, kama inavyofanyika kila Jumapili, wimbo unaitika lakini unachechemea. Waandishi mnanielewa. Hivyohivyo ndivyo inavyokuwa sentensi ya Kiswahili iliyopimwa kwa rula ya Kiingereza. Maneno yote yapo, mtu hayupo.

Turudi kwa Zawose. Sauti yake na vidole vyake vilimfikia Mwalimu, naye akamwita Dar es Salaam kupiga muziki kwa niaba ya taifa. Kutoka hapo alikwenda Bagamoyo, akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hiki ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Na ni huko alikofanya kile alichofanya Ashkenazy: alitoka kwenye upweke wa ala yake akaongoza wengi. Alijenga kundi la ndugu na jamaa zake, Chibite, lenye marimba, mazeze, ngoma, njuga na sauti zinazopandana. Humo ndimo walimopita wanawe, wapwa zake na baadaye wajukuu.

Najua mtu wa mjini atacheka. Atasema, "Huyo siyo kondakta bwana, alikuwa na kijiti gani? Alisoma noti zipi?" Kwanza, kwetu kondakta ni yule anayening'inia mlangoni mwa daladala, kwa hiyo tusitishane kwa majina. Pili, mwulize mwalimu yeyote wa kwaya hapa Dodoma kazi yake ni nini. Atakwambia ni kuhakikisha watu 30 wanapumua pamoja, anayekimbia anarudishwa, anayelala anaamshwa, na wimbo unafika mwisho ukiwa hai. Zawose alifanya hayo huku yeye mwenyewe anaimba, anapiga na anacheza. Kijiti angekishikia wapi, mikono yote miwili iko kwenye ilimba? Aliongoza kwa bega, kwa mguu wenye njuga na kwa sauti. Kama hiyo siyo kuongoza okestra, basi neno okestra ndilo lenye upungufu.

Sasa tazameni alivyotunzwa, na wapi. Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya London ilitoa santuri yake, Tanzania Yetu. Soma tena jina hilo: Tanzania Yetu, imetolewa London. Wajapani nao walimrekodi. Mwaka 1996 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa Chibite. Mwaka 2002 Gabriel huyo alipozunguka Marekani ya Kaskazini na maonyesho yake, waliotangulia jukwaani mbele ya maelfu ya watu walikuwa Hukwe na mpwa wake Charles. Tarehe 30 Desemba 2003 Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo.

Lakini hadithi haikufia hapo, na hili ndilo linaloniuma zaidi kama mwandishi. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa Uhamiaji mwaka 2017 kwa kampuni nyingine ya London, Soundway. Halafu mwaka 2024 wakatokea wanawake wawili, Pendo ambaye ni binti wa mzee na Leah ambaye ni mjukuu wake, kwa jina la The Zawose Queens, na albamu yao Maisha. Katika kundi la familia wanawake walikuwa waitikiaji na wachezaji. Hawa wamesogea mbele, wakashika usukani wenyewe. Hebu fikiri: riwaya gani unayoitafuta iliyo na moto kuliko huo? Baba anaondoka na ilimba kijijini, anajenga himaya ya sauti pwani, halafu mabinti waliokuwa wakiitikia nyuma wanashika mstari wa mbele. Na habari hizo tunazipata kwa kutafsiri magazeti ya Ulaya!

Wapo wanaofanya kazi, tusiwanyime haki yao. Mhispania Polo Vallejo alikuja hapa, akawasikiliza Wagogo, akaandika kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto wao. Kedmon Mapana, msomi wetu wenyewe wa muziki, alianzisha tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino. Chamwino siyo Vienna. Unapanda gari asubuhi na jioni umerudi kwenu Majengo kula ugali.

Basi wenzangu, tugawane kazi. Wewe wa mashairi, nenda kasikilize nindo inavyoimbwa kabla hujatuletea tena beti juu ya theluji. Wewe wa hadithi fupi, tafuta kina mama wanaopiga ngoma ya muheme, uwaulize nani aliwafundisha na nani aliwakataza. Wewe wa tamthiliya, mfuate fundi wa ilimba umwulize anavyopata utando wa buibui. Hapo tu pana onyesho zima. Na yeyote mwenye pumzi ndefu aandike maisha ya Hukwe Zawose kwa Kiswahili kinachonuka vumbi letu, angali bado wapo waliopiga naye, waliosafiri naye, waliogombana naye. Wazee hao hawatusubiri. Charles tayari alimfuata mjomba wake mwaka 2004, na kila anayeondoka anaondoka na sura moja ya kitabu hicho.

Serikali imeshahamia Dodoma, na tangu 2018 tunaitwa Jiji. Majengo yanapanda, barabara zinapanuka, watu wanamiminika kutoka kila mkoa wakiuliza hapa kuna nini. Tukiwajibu kwa hadithi ya kijana na piano yake sebuleni, wataamini kweli kwamba kabla ya wao kufika hapakuwa na kitu ila upepo na zabibu.

Naomba kutoa hoja. Wanaoafiki wasiseme ndiyo. Waandike.