Kitambi, Bia ya Jumamosi na Sukari ya Chai

Rafiki yangu mmoja, fundi mitambo hapa Dar es Salaam, alinijia nyumbani jioni moja amekunja uso. Suruali zake zilikuwa zimekataa kufungwa, na fundi cherehani alikwisha mwambia bila haya kwamba hakuna tena kitambaa cha kuongeza. Hilo angeliweza kulicheka. Lililomnyima usingizi ni kwamba alipimwa shinikizo la damu likakutwa limepanda, naye anakumbuka vizuri jinsi marehemu baba yake alivyoanguka kwa kiharusi kabla hajatimiza miaka 55, akaacha watoto sita.

"Ndugu yangu, nimeapa," akaniambia. "Bia basi. Nyama basi. Wali basi."

Nikamuuliza atakula nini. Akasema kabichi ya kuchemsha.

Aliishi na kabichi siku 19. Shemeji alinieleza baadaye kwamba zilikuwa siku 19 za adhabu kwa nyumba nzima: baba anagombana hata na redio, na watoto wanakula maandazi kwa kujificha jikoni. Siku ya 20 ilikuwa mwisho wa mwezi. Bwana akapita baa na wenzake, akanywa chupa sita na kumaliza sinia la mbuzi na chipsi. Habari ya kabichi ikaishia hapo.

Mimi sikumlaumu. Mtu aliyeshinda juma zima katika joto la mashine ana haki ya kukaa na wenzake chini ya mwembe Jumamosi jioni, na kumwambia aache milele ni rahisi kwa asiyekunywa. Nikamwomba tukae sisi watatu, yeye, shemeji na mimi, na daftari la mtoto, tufanye hesabu.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, ya mafuta ina 9, na ya kilevi chenyewe ina 7. Chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida ina kalori 200 hivi. Rafiki yangu alikuwa akinywa chupa tatu, siku nne kwa juma: kalori 2,400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700.

"Nilisema mimi!" akadakia shemeji.

Lakini kalamu haikukomea hapo. Bwana hunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kidogo kilichosawazishwa kina kalori 16, na vijiko 12 ni 192. Yaani karibu chupa moja ya bia kila siku, bila hata kuifurahia! Tena kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na katika nyumba ile mafuta hayakupimwa kwa kijiko, yalimiminwa tu. Hapo shemeji akanyamaza, maana chupa ya mafuta imo mikononi mwake.

Zikabaki chipsi za usiku. Mwili hauna ghala la kuwekea kilevi, kwa hiyo hukitumia kwanza. Mafuta ya chipsi zilizoliwa pamoja nacho husubiri, na sehemu kubwa huishia kiunoni. Juu ya hayo bia huamsha hamu ya kula kwa mtu ambaye tumbo lake limekwisha shiba.

Tukapatana hivi. Bia ni Ijumaa na Jumamosi, chupa mbili kila siku, na bilauri ya maji katikati. Asizikusanye zote nne usiku mmoja. Ale nyumbani kwanza. Nyama choma ibaki, pamoja na kachumbari na ndizi ya kuchoma, lakini chipsi zitoke. Sukari ishuke hadi kijiko kimoja, polepole, kwani ulimi huzoea. Mafuta yapimwe. Na asubuhi ashuke kituo kimoja kabla ya kazini.

Sipendi nieleweke kwamba naisifu bia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha kilevi kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kabisa kwa afya. Mama mjamzito asiguse, wala dereva kabla ya safari. Anayetumia dawa za sukari au shinikizo amwulize daktari kwanza. Na yule ambaye chupa ya pili humvuta kwenye ya saba, huyo hesabu zangu hazimfai. Akamwone mganga bila kuona aibu.

Miezi saba imepita. Tuliazima utepe wa fundi cherehani: kiuno kilichokuwa sentimita 108 sasa ni 101. Inatakiwa mwanamume asifikie 94 na mwanamke asifikie 80, kwa hiyo safari bado. Shinikizo limeteremka kidogo na daktari anaendelea kumwangalia. Kuna juma alilozidisha, hasa ile ya harusi ya mpwa wake, akarudi kwenye daftari Jumatatu.

Mgogoro uliobaki ni wa birika. Shemeji anatia kijiko kimoja katika kikombe cha mumewe, na katika chake bado anatia vitatu. Nilipomkumbusha juu ya utepe, aliniuliza kama nimekuja kunywa chai au kuandika gazeti.